Jaruba Lenye Rangi Nne

Pointi namba 41 ilituangukia katikati ya jaruba la mpunga, nje kidogo ya Ifakara, hatua kama mia mbili kutoka njia ya baiskeli. Ilikuwa Julai. Mpunga ulishavunwa, yamebaki mashina yaliyokatwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, na dungu ambalo watoto walikuwa wakikaa kuamia ndege lilikuwa limeinama upande mmoja, kamba zimelegea. Mchora ramani niliyemfuata alisimama, akasubiri kifaa cha GPS kitulie, kisha akapiga picha nne: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Alipomaliza akachuchumaa, akafinya udongo kwa vidole viwili. Ulikuwa mweusi na bado una unyevu kwa ndani. Akaandika kwenye fomu: mpunga, umevunwa, mashina makavu, udongo mzito. Kompyuta yake ilikuwa imepaita pale mahali "nyasi za asili".

Hakukunja uso. Alipiga mstari mwembamba chini ya maneno hayo, akasema, "Hii ndiyo niliyoifuata," tukaenda kutafuta pointi namba 42.

Nilikaa naye siku nne bondeni Kilombero, na ninaandika haya kwa sababu ya ule mstari mwembamba. Ramani ya matumizi ya ardhi tumeizoea ukutani kwenye ofisi za halmashauri: kijani kibichi ni msitu, njano ni mashamba, buluu ni maji. Wengi wetu tunadhani setilaiti imepiga picha, kompyuta imepaka rangi, basi. Ukimwangalia mtu anayeijua kazi hii unagundua kwamba kila kipande cha rangi kimehojiwa, kimekataliwa, kimerudiwa, na mara nyingine kimefuatwa kwa miguu hadi tope la magotini.

Kilombero ni shule ngumu kwa kazi hiyo, na ndiyo maana nilipachagua. Upande mmoja imesimama Milima ya Udzungwa, yenye msitu wa mvua uliowekwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Upande wa pili ni nyanda za juu za Mahenge. Katikati mto unatambaa na kujimwaga kila masika juu ya tambarare kubwa ambayo tangu 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kandokando yake kuna miwa, mitiki, mpunga, mahindi, migomba, miombo, matete na nyasi ndefu kuliko mtu. Karibu kila kimoja kina pacha wake ukikitazama kutoka juu. Miwa iliyokomaa na matete hufanana. Mitiki hupukutisha majani kiangazi, na miombo nayo hupukutisha. Bustani ya nyumbani yenye migomba chini ya miembe mikubwa huonekana kama kipande cha msitu kilichosahaulika. Na mpunga hufanana na kila kitu, kwa zamu.

Chukua jaruba lile lile la pointi 41, ulitazame mwaka mzima. Desemba limelimwa, ni udongo mtupu mweusi. Machi maji yamesimama na miche bado myembamba, kwa hiyo kutoka angani ni kama ukingo wa mto. Mei ni kijani kinene kinachong'aa kuliko msitu wenyewe. Agosti ni mabua yaliyokauka, rangi ya nyasi za mbugani, na ng'ombe wakipita juu yake. Shamba moja, rangi nne. Mchora ramani mvivu atachukua picha ya mwezi mmoja, apake, aondoke. Huyu wangu alikuwa na picha za miezi kumi na miwili zimepangwa moja juu ya nyingine, na bado jaruba lile lilimponyoka.

Nilimwomba anionyeshe macho ya setilaiti yanaonaje. Alifungua kompyuta kivulini chini ya mwembe, akabadilisha rangi za picha, na bonde lote likageuka jekundu. Jani lenye afya, alieleza, hula mwanga mwekundu ili litengeneze chakula, lakini mwanga wa infraredi, ulio nje kidogo ya upeo wa macho yetu, halina kazi nao: hugonga kuta za ndani za jani na kutupwa nje kwa wingi. Setilaiti inaupima mwanga huo. Ukiupa infraredi rangi nyekundu kwenye skrini, kila chenye jani hai kinawaka. Maji, kinyume chake, huumeza, kwa hiyo mto unatokea mweusi. Udongo una kijivu chake na kibluu chake. Jani linapoanza kuchoka wekundu unapauka. Alikuwa akisoma wekundu ule kama mama mwenye duka la kanga anavyosoma vitambaa: huu mzito wenye chembechembe ni msitu, kwa sababu miti mirefu huangusha vivuli juu ya mifupi, huu laini usio na doa ni miwa, imepandwa siku moja na ina kimo kimoja, huu wenye mistari ni mitiki, angalia njia za kukatia moto.

Kisha kuna suala la ukubwa wa jicho. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Wamarekani Julai 1972, na kila chembe ya picha yake, yaani pikseli, ilifunika upande wa mita kama 80 kwa 80. Hiyo ni zaidi ya ekari moja na nusu. Mkulima mwenye ekari moja hakuonekana kabisa. Alichanganywa na jirani yake na mti wa jirani wa pili. Landsat zilizofuata, kuanzia miaka ya 1980, zilishuka hadi mita 30, ambayo ni pungufu kidogo ya robo ekari. Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa 2015, zina pikseli za mita 10, kwa hiyo ekari moja sasa inapata takribani pikseli arobaini. Kwa nchi za mashamba makubwa tofauti hiyo ni nzuri tu. Kwetu, ambako mtu ana kipande cha mahindi, kipande cha ufuta na mihogo pembeni, ndiyo tofauti kati ya kuonekana na kutoonekana.

Ila hata pikseli ndogo haivuki wingu. Setilaiti hizi hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na masika Udzungwa huwa imejifunika shuka muda huo. Wingu likiondoka, kivuli kinabaki: mabonde ya ndani na miteremko inayotazama magharibi bado haijapata jua, na msitu ulio gizani huonekana mweusi kama ziwa. Nimeona ramani zenye maziwa madogo juu ya milima isiyo na ziwa hata moja. Mwenzangu huwa anazitafuta sehemu hizo moja moja, anazilinganisha na ramani ya mwinuko, anaziondoa. Kazi hiyo humchukua siku mbili, na hakuna atakayemsifu kwa hiyo, kwa kuwa akiifanya vizuri haionekani.

Kabla ya haya yote kulikuwa na miguu. Mtu wa kwanza kuitengenezea Tanganyika ramani ya uoto inayoheshimiwa hadi leo alikuwa mhandisi wa reli, Clement Gillman, aliyefika nchini mwaka 1905 na kuishi humo karibu maisha yake yote ya kazi. Alisafiri kwa treni, kwa gari, kwa miguu, akiandika alichokiona njiani: hapa miombo inaisha, hapa nyika inaanza, hapa mbuga. Alifariki 1946, na ramani yake ikachapishwa miaka mitatu baadaye. Ukiitazama unaona mkono wa mtu aliyesimama mahali. Ninamtaja kwa sababu mwenzangu anaitunza nakala ya ramani ile kwenye kompyuta yake, na anapokwama huifungua. Hatafuti usahihi wa mpaka. Anataka kujua aliyepita zamani alipaita pale mahali nini.

Maana kazi hii, ukiitazama kwa makini, ni kazi ya kutaja majina. Msitu ni nini? Swali linachekesha hadi ujaribu kulijibu kwa namba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, husema msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia mita 5 na majani yake kufunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Tanzania, katika hesabu zake za hewa ya ukaa, ilichagua mita 3 badala ya 5. Mita mbili tu. Lakini katika nchi ya miombo mifupi na vichaka vya nyika, mita mbili hizo zinaingiza au kutoa maeneo makubwa mno kwenye neno msitu bila mti hata mmoja kukatwa wala kupandwa. Mchora ramani asiyekuambia ametumia kipimo kipi amekuuzia gunia bila kukuonyesha mizani.

Katika jambo hili kuna kazi moja ambayo naivulia kofia. Kati ya 1995 na 2002 FAO iliendesha mradi wa Africover, uliochora nchi kumi za upande wetu wa bara, kuanzia Misri hadi Tanzania, Kongo ikiwamo. Picha zilikuwa za Landsat na mipaka ilichorwa na wataalamu wa nchi zenyewe, kwa macho na mkono, kipande baada ya kipande. Uzuri wake ulikuwa kwenye utaratibu wa kutaja majina uliotokana na mradi huo. Badala ya kuanza na orodha ya majina, unaanza na maswali matatu. Je, pana uoto au hapana? Je, ni nchi kavu au ni mahali pa maji? Je, ni mkono wa binadamu au ni asili? Maswali matatu ya ndiyo na hapana yanakupa vyumba vinane, na hakuna kipande cha ardhi kinachokosa chumba. Baada ya hapo unaongeza: urefu wa mimea, msongamano, aina ya majani, maji yanakaa miezi mingapi. Mtu wa Burundi na mtu wa Sudan waliokuwa na majina tofauti kabisa kwa vichaka vyao waliweza kukutana. Jaruba letu, kwa mfano, ni uoto, wa majini, wa kulimwa. Nyasi za mbugani ni uoto, wa majini, wa asili. Swali moja tu linavitenganisha, na ndilo swali ambalo setilaiti inalijibu kwa shida kuliko yote.

Siku hizi kuchora kwa mkono kumepungua. Unaipa kompyuta mifano: hapa ni miwa, hapa ni msitu, hapa ni mpunga, mamia ya vipande vidogo ambavyo una hakika navyo. Yenyewe inajifunza na kuipaka nchi nzima iliyobaki. Njia inayotumika sana, aliyoielezea Leo Breiman mwaka 2001, inatengeneza mamia ya miti ya maamuzi, kila mmoja umefundishwa kwa sehemu tofauti ya mifano, kisha miti yote inapiga kura juu ya kila pikseli. Jina lake kwa Kiingereza linataja msitu, na mwenzangu hupenda kwamba anatafuta msitu kwa msitu.

Lakini mfano mbaya unaambukiza bonde zima. Kwa hiyo nilimtazama akichora mifano. Alikuza picha hadi pikseli zikawa vigae. Alikwepa kingo, kwa kuwa pikseli ya ukingoni ni nusu mpunga nusu barabara. Alichagua mpunga wa mapema na mpunga wa kuchelewa, miwa michanga na miwa inayosubiri kukatwa, mitiki yenye majani na mitiki mitupu. Kila kipande alikitazama mara tatu, kwenye picha za miezi mitatu, kabla ya kukipa jina. Saa mbili na nusu zilipita, vipande thelathini na moja. Chai ilipoa mezani. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mtu wa kompyuta huenda haraka.

Na baada ya ramani kupakwa ndipo tulipoingia shambani, kwa sababu ramani isiyopimwa ni maoni. Pointi za kupimia huchaguliwa kwa kura. Hapo ndipo heshima ya fundi hujulikana. Kura ikikutupa ng'ambo ya mto, unakwenda ng'ambo ya mto. Ni rahisi sana kuisogeza pointi mita mia tatu ili iwe kando ya barabara, nani atajua? Lakini kando ya barabara ndiko kila mtu anakolima, ndiko ramani huwa sahihi, na ukipima huko tu utajipa alama za juu ambazo hukuzifanyia kazi. Pointi namba 17 ilituchukua nusu siku, mtumbwi mmoja na ruba wawili mguuni mwangu. Ilikuwa matete. Ramani ilisema matete.

Majibu yote huingizwa kwenye jedwali la makosa. Ningependa jedwali hilo lichapishwe kubwa kando ya kila ramani, maana ndilo linalokuambia uiamini kiasi gani. Tuseme amesimama kwenye majaruba 50 ya kweli na ramani imeyatambua 40. Mkulima atasema: wanane katika kila kumi mmetuona. Sasa geuza swali. Ramani imepaka rangi ya mpunga pointi 60, na ni zile 40 tu zilizo mpunga. 20 ni matete na nyasi. Afisa anayepanga mbegu na bei atasema: katika kila tatu, moja ni hewa. Ramani ile ile, majibu mawili, na yote ni kweli. Fundi mwaminifu anayaandika yote mawili.

Siku ya tatu tulimkuta mzee mmoja akifunga uzio wa miiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mnapima barabara?"

"Hapana, baba. Tunaangalia ardhi hii imefunikwa na nini."

Mzee akatazama uwanda wa nyasi mbele yetu, ambao kwenye ramani ulikuwa rangi moja tu, toka uzio wake hadi kwenye mstari wa miti. "Imefunikwa na nyasi," akasema. "Ila hizi za karibu ni shamba langu, nimelipumzisha mwaka wa pili. Zile za katikati ng'ombe hupita kiangazi, tumekubaliana na wenyewe. Na kule chini hatulimi wala hatuchungi. Maji yakipanda, samaki huzalia kule."

Mwenzangu aliandika kila neno. Jioni aliniambia kwamba hilo ndilo somo ambalo hakufundishwa darasani kwa uzito unaostahili: kilichofunika ardhi unaweza kukiona, matumizi yake lazima uulize. Setilaiti ilikuwa sahihi, zilikuwa nyasi. Lakini ramani ile ikipelekwa mezani kwa mtu wa mbali, atasoma "nyasi" na kuelewa "hapana mtu". Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zimekipa kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake, na wanaoifanya kazi hiyo vizuri huanza kwa kijiti na majivu, wanakijiji wamezunguka, mto ukichorwa chini mavumbini kabla haujachorwa popote. Zile sehemu tatu za mzee hazina rangi kwenye picha yoyote ya angani. Mwenzangu aliziweka kama tabaka la pili, mipaka ya nukta nukta juu ya rangi, na pembeni akaandika: kwa maelezo ya wenyeji.

Usiku wa mwisho, kwenye gesti mjini Ifakara, alirudi kwenye pointi namba 41. Feni ilikuwa ikinguruma dirishani. Alivuta thamani za kijani za pikseli ile kutoka kila picha ya mwaka isiyo na wingu, akaziunga kwa mstari mmoja, na pembeni akaweka mstari wa nyasi za asili za kweli, zile za kule kunakozaliwa samaki. Nilisogeza kiti.

Mistari yote miwili ilianza chini, ikapanda na mvua, ikafika kileleni karibu wakati mmoja. Ndiyo maana kompyuta ilivichanganya. Lakini kushuka kulikuwa tofauti. Nyasi zilishuka taratibu wiki baada ya wiki, kama mteremko mrefu, jinsi unyevu ulivyokuwa ukiondoka. Mstari wa jaruba ulikuja vizuri hadi mwishoni mwa Juni, halafu kati ya picha moja na inayofuata ukadondoka wima. Ilikuwa kama ngazi moja. Aliweka kidole pale kwenye ngazi, hakusema kitu kwa muda.

"Mundu," akasema hatimaye.

Kutoka kilomita 786 juu, mtu alionekana ameinama, amekata. Mwenzangu akafuta "nyasi za asili", akaandika "mpunga", kisha akaanza kushuka kwenye orodha akitafuta pointi nyingine zenye ngazi kama ile. Hadi saa sita usiku alikuwa amepata kumi na tatu.